Karani wa boti asilipwe na mwenye boti

Daftari lilikuwa la kurasa 96, lenye mistari, kama yale ambayo wazazi wa Shasha, kijiji chetu cha mashariki mwa Kongo, hununua kila Septemba shule zinapofunguliwa. Juu ya jalada niliandika kwa biki nyekundu neno moja: ABIRIA. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita. Februari 2024, mapigano kati ya jeshi na waasi wa M23 yalipofika kwetu, barabara ya Sake kwenda Minova ilikatika palepale Shasha, nasi tukashuka Minova na magodoro kichwani. Shule ikafungwa. Mwezi wa nne nikapata kibarua cha Jumanne na Ijumaa kando ya Ziwa Kivu: kuandika majina ya watu wanaopanda boti moja ya mbao ya kwenda Goma. Jina la boti sitalitaja, wala la mwenyewe.

Kazi ilikuwa hivi. Nasimama penye ubao wa kupandia, maji yakinilowesha viatu, daftari nimeliegemeza juu ya kibao cha mkate. Namba, jina, anakotoka, mzigo. Mama wa Bweremana, magunia matatu ya mihogo: namba 14. Kijana na mbuzi wawili: namba 15. Mzee na redio yake, hana mzigo: namba 16. Wengine walinitajia jina kwa haraka, wengine walikataa kwa kuwa wakati wa vita mtu haachi jina lake ovyo, na hao niliwaeleza taratibu kwamba daftari hili si la jeshi, ni la kumtafutia mtu akipotea. Karibu wote walikubali walipoelewa.

Niliambiwa boti inachukua watu 60. Ijumaa moja ya mwezi wa sita nilifika 60 na bado watu walijaa ufukweni, ndizi zikiwa zimeanza kuwa njano kwenye mikungu, kuku wakilia ndani ya vikapu. Nikachora mstari kwa rula chini ya namba 60, nikasema: imejaa. Msimamizi wa boti akanishika bega kwa upole kabisa.

"Mwalimu, funga daftari. Pumzika."

Nikalifunga. Watu wakaingia. Wakakaa juu ya magunia ya makala, juu ya paa la maturubai, pembeni wakining'iniza miguu. Boti ilipoondoka ilikuwa imezama kiasi kwamba mtoto aliyekaa ukingoni aliweza kunawa mikono bila kuinama. Nilisimama pale mpaka sikuiona tena.

Ilifika salama. Jumanne iliyofuata msimamizi alinipokea akitabasamu: "Umeona, Mwalimu? Ilifika." Kisha akanilipa. Alitoa pesa zangu kwenye mfuko uleule wa nailoni alimotia nauli za abiria, zikiwa bado na unyevu wa mikono yao. Hapo ndipo nilipoelewa nimekuwa nani. Sikuwa karani wa abiria. Nilikuwa mtu anayelipwa kutokana na kila kichwa kinachozidi, na ambaye amepewa kazi ya kukataa vichwa vinavyozidi. Nikaacha.

Miezi mitatu na ushee baadaye, asubuhi ya Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, boti iitwayo MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma. Haikuwa katikati ya ziwa usiku wa dhoruba. Ilikuwa mchana kweupe, imebakiza mwendo mfupi kutia nanga, na watu waliosimama nchi kavu waliiona ikilala ubavu. Picha za simu zilizunguka siku ileile, na kila aliyeziona bado anazo machoni. Gavana wa Kivu Kusini alisema boti ilikuwa na watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Siku zilizofuata hesabu zikatofautiana: wengine wakataja miili michache zaidi, wengine wakataja waliopotea wengi zaidi. Familia zilihangaika kati ya hospitali na ufuko wa Kituku na picha mkononi. Watu hawakubishana kuhusu sababu ya ajali. Walibishana kuhusu idadi ya watu waliokuwemo, na mabishano hayo hayana mwisho pale ambapo orodha ya kweli haikuwepo tangu mwanzo.

Msomaji wa mbali anaweza kuuliza kwa nini mtu anapanda chombo anachokiona kimejaa. Aje asimame Shasha. Barabara ya Taifa namba 2 inapita katikati yetu, milima mkono mmoja, ziwa mkono mwingine, na penye wembamba huo bunduki chache zinatosha kufunga njia ya jimbo zima. Ilipofungwa mwaka 2024, chakula cha Goma, mji uliokuwa na wakazi wengi kuliko wakati wowote kwa sababu ya wakimbizi, kililazimika kupita majini. Mama aliyekuwa akipeleka mihogo kwa Fuso akaipeleka kwa boti. Ndizi inayoiva haingoji boti ya kesho. Mtu hapandi kwa ujinga. Anapanda kwa sababu njia nyingine imefungwa na watoto hawajala, na ndiyo maana wa kumkataza lazima awe mtu mwingine, asiye na njaa ile wala faida ile.

Nilipoacha kazi nilianza kusoma habari za meli, kama mgonjwa anavyouliza habari za dawa. Nataka kuzungumzia mbili, kwa sababu zinatokea mwaka mmoja, 1915, na zote mbili zilizama zikainuliwa.

Ya kwanza ni ya Marekani. Iliitwa Eastland, meli ya mvuke iliyoundwa Port Huron, jimbo la Michigan, ikaingia majini mwaka 1903. Ilikuwa meli ya matembezi kwenye Maziwa Makuu ya kule, na mabaharia walijua tangu mwanzo kwamba ina tabia ya kulalia upande watu wakiwa wengi juu. Baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, Marekani ilitunga sheria ya kudai mashua za kuokolea ziwatoshe abiria, jambo jema lenyewe. Mwanzoni mwa Julai 1915 wenye Eastland wakaongeza mashua na maboya, wakazipachika juu, na kwa hesabu hiyo wakapewa ruhusa ya kubeba watu 2,500. Uzito wote ule mpya ulikuwa juu, kwenye meli ambayo tatizo lake lilikuwa uzito wa juu.

Tarehe 24 Julai 1915 wafanyakazi wa kampuni ya Western Electric walifika na familia zao kwenye Mto Chicago, nguo za sikukuu, wakienda pikiniki. Wakaguzi wa serikali walisimama mlangoni wakihesabu kila anayeingia, na walipofika 2,500 walifunga. Kwa kitabu, kila kitu kilikuwa sawa. Saa moja na nusu asubuhi, kwa saa zetu za Kiswahili, meli ikiwa bado imefungwa kamba gatini, ililala ubavu taratibu kisha ghafla. Maji pale yalikuwa na kina cha mita sita hivi. Walikufa watu 844, familia 22 zikaisha kabisa, hatua chache kutoka barabara ya mji mkubwa.

Habari hiyo ilinivunja nguvu kwa siku kadhaa. Nilikuwa nikiamini kwamba mimi ningeshikilia namba 60 tu, mambo yangekuwa sawa. Eastland walishikilia namba yao, na namba yenyewe ndiyo iliyokuwa ya uongo. Mwenye meli aliiomba, mwenye mhuri akaipiga, na hakuna aliyeitia meli majini na kuipima imebeba nini na inaelemea wapi. Nikakumbuka kwamba hata ile 60 yangu niliambiwa na msimamizi. Yeye aliipata wapi? Sikumwuliza.

Wamarekani waliiinua Eastland, wakaikata sehemu za juu, wakaifanya meli ya jeshi la maji yenye jina jipya, Wilmette. Ikafundishia mabaharia vita vyote viwili, na mwaka 1921 ikazamisha kwa mizinga nyambizi ya Kijerumani iliyosalimishwa. Ikauzwa kama vyuma chakavu mwaka 1946. Kesi za familia ziliburutwa mpaka mwaka 1935, na mahakama ikamlaumu zaidi injinia wa meli. Chombo chenyewe kilikuwa kizuri vya kutosha kuishi miaka thelathini baada ya kuua. Kilichohitaji kubadilika ni kilichobebwa juu yake, na nani anaamua.

Meli ya pili ni ya kwetu, na hii nitakaa nayo zaidi.

Mwaka 1894 afisa wa Kijerumani aitwaye Gustav Adolf von Götzen, akivuka Afrika kutoka Pangani kuelekea Atlantiki, alifika kwenye Ziwa Kivu, akawa Mzungu wa kwanza kuliona, na akapanda Nyiragongo. Babu zetu walikuwa wakivua na kuvuka ziwa hilo tangu enzi, lakini jina lililoingia vitabuni ni lake. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 vilimkuta kwenye kiti hicho. Mwaka 1913, kiwanda cha Meyer cha Papenburg kilipomaliza kuunda meli kubwa ya Ziwa Tanganyika, ilipewa jina lake: Graf von Goetzen.

Iliundwa, ikakaguliwa, kisha ikafunguliwa skrubu kwa skrubu, ikafungwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam na kupandishwa treni ya reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Mafundi watatu wa Papenburg walikuja nayo kuiunganisha, pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika ambao majina yao sijayakuta kwenye kitabu chochote. Urefu wake ni mita 71. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kupamba moto. Ikatiwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyozama katika delta ya Rufiji.

Sisi wa upande wa Kongo tulikuwa maadui zake. Agosti 1914 Wajerumani walikuwa wameishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, pale Lukuga, ambapo sasa ni Kalemie. Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, kwa treni na kwa kukokotwa msituni, na katika miezi miwili zikateka meli moja ya Kijerumani na kuzamisha nyingine. Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Rwanda yakitokea Kivu, yakiwa na wapagazi wengi kupita kiasi, watu wa milima hii hii, waliobeba risasi na unga mpaka Tabora. Hao pia hawana orodha. Ninapopita Sake natazama vilima na kujiuliza ni wangapi waliteremka pale wasirudi.

Kigoma ilipokaribia kutekwa, Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao wenyewe. Hapa ndipo penye jambo ambalo mwalimu hupenda kuwaeleza watoto. Wale mafundi hawakuipasua kwa baruti. Waliipaka injini grisi nene, kila chuma kinachozunguka, kama mtu anayempaka mtoto mafuta kabla ya baridi, kisha tarehe 26 Julai 1916 wakaishusha chini ya maji karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Walitaka siku moja iinuke. Wabelgiji wakaiinua baada ya vita, ikazama tena Kigoma. Waingereza wakaiinua tarehe 16 Machi 1924, na walipofungua injini, grisi ilikuwa imefanya kazi yake: baada ya miaka karibu minane majini, mitambo na matangi ya mvuke vilifaa kutumika. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lile ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini.

Tangu hapo Liemba ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikisimama penye vijiji visivyo na gati. Meli ilipiga honi, mitumbwi ikatoka ufukweni, watu na magunia ya dagaa wakapandishwa juu ya maji. Sambaza wetu wa Kivu tunaowala Shasha kwa ugali ni ndugu wa damu wa dagaa hao; walitolewa Tanganyika wakapandikizwa kwenye ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1950. Chakula chetu tulikipokea kutoka ziwa lile. Desturi zake za meli hatukuzipokea.

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa zikawekwa za dizeli. Mwaka 1993 Denmark ikasaidia kuikarabati. Mwaka 2015, Warundi makumi ya maelfu walipokwama kwenye kijiji chembamba cha Kagunga, ndani ya Tanzania, milima nyuma na ziwa mbele, ni Liemba iliyokwenda na kurudi kuwachukua, watu wapatao 600 kwa safari. Makumi ya maelfu ufukweni, kipindupindu kimeanza, na bado meli ilikuwa na namba yake. Walioachwa walilia, bila shaka. Meli ilirudi kuwachukua.

Naijua hesabu hiyo kutoka nyumbani. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa fundi wa magari Uvira. Vita vya 1996 vilimvusha ziwa, akaishi kambini upande wa Kigoma. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia Liemba kuwarudisha maelfu ya Wakongo Uvira baada ya Mobutu kuanguka, na yeye alikuwa mmoja wao. Mjomba alisimulia safari ile kila Krismasi mpaka tukaijua kwa moyo, na hakuwahi kusimulia mawimbi wala ukubwa wa meli. Alisimulia ngazi. Alisema walipangwa mstari, mtu mwenye karatasi akasoma majina kwa sauti, jina moja moja, la baba na la mtoto, hata la kichanga. Jina likisomwa, mtu anapanda. Alisema alikuwa amekaa miezi mingi bila mtu kumwita kwa jina lake kamili, na aliposikia linasomwa mbele ya watu alisimama wima bila kuambiwa. Siku hiyo hiyo familia moja mbele yake iliambiwa isubiri safari inayofuata. Baba wa familia alisihi, akalia. Mwenye karatasi hakubadilika. "Yule hakuwa anauza tiketi," mjomba alikuwa akisema.

Nilikuwa nikisikia maneno hayo kama sehemu ya hadithi tu. Nimeyaelewa nikiwa na daftari mkononi.

Kuna watakaoniambia kwamba Tanzania nayo imezika watu wa meli. Ni kweli, na ni majirani zetu hao hao waliolipa karo ya somo hili. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na watu zaidi ya 800 wakafa. Orodha ya meli ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, la watu wa nauli ndogo, halikuwa na orodha. Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara, mwendo mfupi kutoka gatini kama Merdi. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa walifika 228. Karani aliyekata tiketi alikufa pamoja na abiria wake, na mashine yenye kumbukumbu ikazama naye. Orodha iliyomo ndani ya chombo inazama na chombo.

Angalia vilevile ajali hizi zinatokea wapi. Chombo kilichojaa huvumilia njiani, watu wakiwa wameketi, mizigo imetulia. Kinapokaribia bandari watu wanasimama wote pamoja, wanageukia upande mmoja kuona nani amekuja kuwapokea, wanashika vikapu vyao. Mama wa Shasha anabeba kikapu kizito kichwani na hayumbi kwa sababu miguu yake inamtafutia mizani kila hatua. Boti haina miguu. Uzito ukiwa juu kuliko maji yanavyoweza kuubeba, hatua ya mtu mmoja inatosha. Ndiyo maana magunia yawe chini na watu wasikae juu ya paa, hata kama ni kumi tu, hata kama ziwa limetulia kama kioo.

Tumekwisha kupewa amri nzuri. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe na zaidi ya watu mia wakaripotiwa kupotea. Rais Tshisekedi alifika, akaagiza kila abiria avae jile, lile koti la kuelea. Baada ya hapo majile yalionekana kwa muda. Mwaka 2024, nilipokuwa nikiandika majina, yalikuwa machache, yamefungwa kwa kamba pamoja chini ya benchi, na watu waliyakalia. Amri ya kuvaa jile inamtaka abiria ajiokoe akishaanguka. Mimi nazungumzia lililo kabla ya kuanguka.

Ninachotaka ni kitu kimoja, na mengine yanakifuata. Mtu anayesema "imejaa" kwenye bandari yoyote ya Ziwa Kivu, Kituku, Minova, Kalehe, Idjwi, asilipwe na mwenye boti, wala mshahara wake usitegemee nauli za siku ile. Alipwe na ofisi ya umma, kwa siku, awe amepandisha watu kumi au mia. Namba anayoishika isitoke kwa mwenye boti. Boti ipimwe ikiwa majini, na mstari wa rangi upakwe ubavuni, nje, mahali ambapo mtu yeyote ataona. Waingereza walianza kuulazimisha mstari kama huo kwa meli za mizigo mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupiga kelele kwa miaka. Mama asiyejua kusoma anaweza kuuona mstari umezama. Mtoto anaweza. Karani akihongwa, mstari hauhongeki, na watu mia walio ufukweni ni mashahidi.

Na orodha iandikwe mara mbili, kwa karatasi ya kaboni kama stakabadhi za duka, nakala moja ibaki nchi kavu. Majina yasomwe kwa sauti kabla ya kuondoka. Itachukua robo saa.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu mimi mwenyewe nililitoa kwa miezi miwili: watu wataachwa. Ndiyo, wataachwa. Mama wa namba 61 atalala Minova na ndizi zake zitaoza, na hasara hiyo ni ya kweli. Kwa mama yule inaweza kuwa karo ya muhula. Siifanyi ndogo. Ndiyo maana serikali isiridhike na kumkataza mtu tu. Ilete chombo cha pili. Tanganyika ilipewa meli moja ya umma na, mikononi mwa Wajerumani, Wabelgiji, Waingereza na Watanzania, imedumu zaidi ya miaka mia, ikipita vita viwili vya dunia na kuzama mara mbili, kwa sababu kila aliyeimiliki aliona ni wajibu wake kuitia grisi. Ziwa letu lina maji ya kilomita za mraba zipatazo 2,700 na mji wa watu zaidi ya milioni kwenye ncha yake. Halina meli ya umma ya abiria ambayo mama wa mihogo wa Minova anaweza kuitegemea. Barabara yetu imeonyesha kwamba inaweza kufungwa asubuhi moja. Siku ikifungwa tena, ziwa litakuwa barabara tena, na boti zitajazwa tena na mtu anayelipwa kutoka mfuko wa nailoni.

Nilimwambia mwenzangu mmoja haya, naye akaniuliza kwa nini nisingekaa pale nishike msimamo badala ya kuacha kazi. Swali hilo linaniuma, na nimelikubali. Nilipoondoka aliwekwa kijana mwingine, na nilipopita wiki moja baadaye nilimwona na daftari jipya. Aliandika haraka, akaacha kuandika mapema. Hakuna aliyemshika bega. Hakuhitaji kushikwa.

Daftari langu bado ninalo. Majina ya Ijumaa ile yamejaa kurasa mbili, na chini ya namba 60 kuna mstari ulionyooka. Walioingia baada ya mstari huo walikuwa wengi, na sikuwajua, isipokuwa mmoja: msichana aliyekuwa darasani kwangu Shasha, benchi la pili kutoka dirishani, amebeba mdogo wake mgongoni na bidoni ya mawese mkononi. Alipopita aliniamkia. "Jambo, Mwalimu." Nikamjibu, daftari likiwa limefungwa kwapani. Usiku ule nilikaa mpaka simu iliponiambia boti imefika. Kisha nikawasha mshumaa, nikafungua ukurasa, nikaandika jina lake chini ya mstari, namba 61, na la mdogo wake, namba 62.